Jina Kwanza, Mwanga Baadaye

Mtu wa tatu alipokwisha kupasuliwa, ndipo Kamanda Ndimbo alipokumbuka kwamba yeye ni mtu wa huruma.

"Dada, mimi si mnyama," aliniambia, huku akijifuta damu kwa kitambaa cheupe. "Hawa watatu walikuwa watupu tumboni. Nimesikitika. Ndiyo maana nimekuleta wewe."

Nimekuleta! Walivunja mlango wa zahanati yetu alfajiri, wakampiga mlinzi mpaka akaacha kulia, wakaling'oa Jicho, mashine yetu ya mionzi, sakafuni pamoja na skrubu zake, kisha wakanitupa mimi juu yake ndani ya lori. Sasa Jicho lilikuwa limesimamishwa katikati ya uwanja wa machimbo ya Ilowelo, betri zake zikinguruma, na maiti tatu zilikuwa zimelala kando ya meza yangu bila hata gunia la kuzifunika. Mmoja wao bado alikuwa ameyashika matumbo yake kwa mikono miwili. Inzi walikuwa wameshafika.

Kilichokuwa kinatafutwa ni makokwa. Ni vijiwe vya baridi, kila kimoja kama kokwa la zambarau, na miji ya pwani huvitia vichwani mwa mashine zake ili mashine zifikiri. Huku mlimani mchimbaji anayeiba huvimeza ili atoke navyo. Ukimeza kokwa, baridi yake inakutafuna kwa ndani. Unatetemeka na midomo inapauka, mpaka ulitoe. Lakini Ilowelo kila mtu anatetemeka na kila mtu ana koti, kwa hiyo kutetemeka si ushahidi. Ushahidi ulikuwa kisu.

Mwenye kisu hicho walimwita Fundi Kisu. Alikuwa bonge la mtu, amevaa koti la manyoya hata jua la saa sita lilipowaka utosini, na chupa ya chai ya tangawizi haikumtoka mkononi. Anapasua, anakunywa chai, anapasua tena. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina jingine.

"Hesabu ya makokwa sandukuni imepungua," alisema Ndimbo. Akanyoosha mkono kwenye mstari wa wachimbaji waliokaa chini, miguu imefungwa kwa waya. "Ukiwapiga picha, nitampasua mwenye kokwa tu. Ukikataa, Fundi ataendelea na mstari mpaka nitosheke. Mwenye leseni ni wewe. Chagua."

Leseni yangu ilikuwa kiganjani mwa mkono wa kulia, chini ya ngozi, kama punje ya mchele. Zamani, kabla sijazaliwa, kila mwenye kibanda cha simu alikuwa na mashine ya mionzi uchochoroni. Watu waliungua, wajawazito walipigwa mwanga ili waume zao waone mtoto kafanana na nani. Wakubwa walipochoka kuzika, wakatia akili iitwayo Baraza la Leseni ndani ya kila mashine, lisikie na lione, wala lisihongeke. Mashine haiwaki bila kiganja hai chenye leseni. Mpiga picha akisoma uongo kwenye picha, Baraza linamtaja kwa sauti mbele za watu, na leseni yake inakufa palepale. Sheria nzuri sana, ila aliyeitunga hakuwahi kusimama uwanjani na Ndimbo.

Niliweka kiganja juu ya bamba.

*

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye ndevu za kijivu. Walimlaza mezani kwa kumsukuma na buti.

"Jina lako nani, baba?"

Ndimbo akacheka. "Jina la nini? Unamposa?"

"Jina kwanza, mwanga baadaye. Bila jina haiwaki."

"Naitwa Yolamu Sanga, mwanangu," mzee alisema, meno yakigongana.

Sauti ya Baraza ikatoka tumboni mwa Jicho, sauti isiyo ya kike wala ya kiume. "Yolamu Sanga. Kwa faida ya nani?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Hatumpigi mtu mwanga ila kwa faida yake mwenyewe. Si kwa faida ya tajiri wake, wala ya mumewe, wala ya serikali.

"Kwa faida yake," nilijibu. "Akionekana mtupu, ataishi."

Baraza likajibu, "Nimekubali."

Mzee Sanga alikuwa mtupu. Nilisoma kwa sauti, Baraza likathibitisha, wakamkata waya miguuni, akaondoka akipepesuka bila kutazama nyuma. Aliyemfuata alikuwa mtupu. Na aliyemfuata huyo. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Kila waya ulipokatwa nilijisifu moyoni, nikasema, Atuganile wewe, watu wanaishi kwa mkono wako. Nilisahau kabisa kwamba furaha yangu na ya Ndimbo zilikuwa zinatembea njia moja.

Kisha wakamleta Lusajo.

Lusajo alikuwa mwanafunzi wangu pale zahanati. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu, na jicho lake kwenye picha lilikuwa kali. Lakini leseni nilimnyima, na nilipomjaribu tena nikamnyima tena, kwa sababu hakuuliza majina. Kwake mgonjwa alikuwa kifua au goti. "Leteni goti," alikuwa akisema, na goti linaingia likichechemea na mke wake. Nilimwambia kwamba asiyeuliza jina hapigi picha ya mtu, anapiga picha ya nyama. Alitoka akilia kwa hasira, na baadaye nikasikia yuko machimboni.

Walipomlaza, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Jina lako nani?"

"Lusajo Mwangoka," alisema. Nilipoinama kumnyoosha bega, akasema bila kufungua meno, "Mwalimu, ninalo."

Nilijua nina njia ngapi, na zote zilikuwa mbaya. Nikisoma ukweli, Lusajo anapasuliwa mbele yangu. Nikisoma uongo, Baraza litanitaja, leseni itakufa, Lusajo atapasuliwa na mstari mzima baada yake. Lakini kuna kitu ambacho Baraza halikiiti uongo: picha mbovu. Kila mpiga picha huharibu. Mwanga mfupi humnasa mtu hata akitikisika. Mwanga mrefu unamtaka awe jiwe, maana akivuta pumzi tu kila kitu kinageuka ukungu. Hayo Lusajo aliyajua, nilimfundisha mimi.

Niliuvuta mwanga ukawa mrefu. Nikamwekea mkono kifuani, nikabonyeza mara mbili kufuata mwendo wa pumzi.

"Shika pumzi," nilisema kwa sauti.

Akavuta pumzi.

"Picha mbovu," likasema Baraza. "Rudia. Picha mbovu tatu kwa mtu mmoja, leseni inalala."

Nikarudia. Ukungu tena.

"Picha mbovu. Imebaki moja."

Ndimbo alinipiga kwa kitako cha bastola. Nilisikia jino likivunjika kabla sijasikia maumivu, nikapiga magoti, damu ikajaa mdomoni. "Wale wote picha zilikubali," alisema kwa upole. "Huyu ana nini?" Kisha, bila kungoja jibu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye mstari na kumpiga risasi mtu aliyekuwa amekaa mwisho kabisa. Kichwa kilirudi nyuma, yule mtu akaegemea mwenzake begani taratibu, mwenzake akaanza kupiga mayowe.

"Hiyo ni ya picha mbovu mbili," alisema Ndimbo. "Ya tatu ikiharibika, sitapiga risasi. Nitamwachia Fundi."

Yule mtu wa mwisho sikuwa nimemfikia. Sikuwa nimemuuliza jina.

*

Nilikuwa bado nimepiga magoti, natema damu, nilipomwona Fundi Kisu anajimiminia chai. Alishika chupa kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagika pembeni ya kikombe. Jua lilikuwa kali. Wenzake walikuwa wamevua makoti, yeye amefunga lake mpaka shingoni. Nikatazama midomo yake, kisha nikatazama ya Lusajo. Ilikuwa rangi moja.

Basi nikaelewa. Nani huingiza mkono wa kwanza tumboni? Wale watatu hawakuwa watupu wote. Yeye alipasua, akapapasa, akatoa mkono uliofumbwa, akasema "Hamna," halafu akanywa chai na kumeza.

"Kamanda," nilisema, "huniamini. Una haki. Basi chagua mtu wako nimpe leseni, apige picha mwenyewe."

"Hiyo inawezekana?"

"Mahali pasipo na chuo, mwenye leseni mmoja na mashahidi wawili wanatosha. Sheria inaruhusu. Liulize Baraza mwenyewe."

Ndimbo aliligeukia Jicho kwa wasiwasi wa mtu anayeongea na mzimu. "Eti kweli?"

"Kweli," likasema Baraza.

"Ila awe mtu unayemwamini kuliko wote," nikaongeza. "Na awe anajua tumbo la binadamu lilivyo."

Sikumtaja. Nilimwachia Ndimbo mwenyewe afike, na hakuchelewa. Aligeuka huku akitabasamu. "Fundi! Njoo hapa, leo unakuwa daktari."

"Mimi, Mkuu? Mimi sikusoma."

"Na kupasua ulisomea wapi? Njoo."

Alikuja kwa hatua za mtu anayekwenda msalani kwa aibu. Lusajo walimshusha, wakamketisha chini kando ya meza na waya wake miguuni. Nami nikasema, kwa sauti ya kawaida ya kazini, ile niliyokuwa nawaambia wanafunzi wote, "Sharti la kwanza. Anayetaka kuwaona wengine ndani aonwe yeye kwanza, mbele ya mashahidi. Panda mezani."

Kikombe kikamponyoka.

"Mkuu, mimi kazi yangu ni kisu. Hii mashine inaunguza watu. Mchague mlinzi Mponda."

"Fundi," alisema Ndimbo, na tabasamu lilikuwa limeshaondoka. "Panda."

Hakupanda. Walinzi wanne walimbeba, koti likapasuka begani, na chupa ya chai ikaviringika chini ya meza. Nikaja nikasimama juu yake. Alinuka tangawizi na damu ya wale watatu.

"Jina lako nani?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Sidhani kama kuna mtu aliyemuuliza hivyo miaka mingi. "Gaspari," alisema. "Gaspari Luvanda."

"Gaspari Luvanda," likasema Baraza. "Kwa faida ya nani?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilitazama wale watatu pale chini, nikatazama mstari, nikamtazama Lusajo.

"Kwa faida yake," nilisema. "Anataka leseni."

"Nimekubali."

Nilipoinama kumnyoosha, Gaspari alinishika kiwiko. Vidole vyake vilikuwa barafu. "Sista," alinong'ona, "nilikuona. Ulimwambia yule kijana apumue. Na mimi niambie nipumue. Nina watoto, sista. Nipige kama ulivyompiga yule."

Alikuwa ameona. Kati ya watu wote uwanjani, muuaji ndiye aliyeielewa kazi yangu. Na alichoniomba kilikuwa haki: huruma niliyompa mmoja nimpe na wa pili, bila kupima nani anastahili. Mimi ndivyo nilivyofundisha miaka yote, kwamba mezani hakuna mwizi wala mchungaji. Ningeweza. Imebaki kubonyeza tu kifua mara mbili.

Niliufupisha mwanga kadiri mashine ilivyoweza, mfupi na mkali, mwanga wa kumnasa mtoto anayerusha miguu. Hata angecheza ngoma pale mezani, ungemnasa.

"Shika pumzi," nilisema.

Alipumua kwa nguvu zake zote, maskini, kifua kikipanda na kushuka. Haikusaidia kitu.

Ile ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Mbavu zilihesabika, na uti wa mgongo ulinyooka. Chini ya ini, kwenye mkunjo wa tumbo, makokwa yalikaa yamepangana, meupe, kila moja na ukingo wake.

"Taja unachokiona," likasema Baraza.

"Makokwa," nilisema. "Makokwa saba."

"Imethibitishwa."

Kisha Gaspari akaanza kupiga kelele, akinyoosha kidole. "Na yule! Yule kijana pia analo! Huyu mwanamke anamficha, alimwambia apumue, nimeona kwa macho yangu!"

Lusajo aliinamisha kichwa.

"Mfa maji haachi kutapatapa," alisema Ndimbo. Hakumtazama hata Lusajo. Alikuwa akikitazama kioo chenye yale makokwa saba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mke wake na rafiki yake. "Miaka yote nimekula naye sahani moja. Nipeni kisu chake."

Alimpasua mwenyewe, juu ya meza yangu. Hakujua kazi, alianzia juu mno, kisu kikagonga mfupa, akakichomoa na kuanza upya chini. Gaspari alilia kwa lugha ya kwao, alimwita mama yake, kisha akaniita mimi, "Sista, sista," mpaka damu ikaziba maneno. Mlinzi mmoja alitapika. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza na sikuondoa macho. Niliona nadaiwa walau hilo. Ndimbo aliingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa jiwe, akalipangusa kwenye koti la manyoya, akaingiza tena.

*

Hesabu ya sandukuni ilitimia, maana kokwa la Lusajo lilitoka moja kwa moja shimoni, halikuwahi kuhesabiwa. Ndimbo alinawa mikono, akaamuru waya zikatwe, wachimbaji warudi shimoni. Lusajo alinyanyuka na kunipita karibu. Hakuthubutu kunitazama, nami sikuthubutu kumtazama.

"Dada," alisema Ndimbo, sasa kwa heshima ya kweli, "umeniokolea watu. Bila wewe ningepasua mstari mzima na mwizi ni yuleyule anayepasua. Kesho tunashuka machimbo ya chini. Huko nako hesabu haijakaa sawa. Mashine tunaipakia, na wewe utakaa mbele kwa dereva, si nyuma tena."

Na lililo baya ni kwamba alisema kweli. Niliwaokoa. Kesho ningewaokoa wengine, keshokutwa wengine, na kila siku Ndimbo angepasua yule tu ambaye mimi nimemwonyesha. Ningekuwa kisu chake kipya, kisafi, chenye leseni. Nilimwona yule wa kwanza nitakayemlaza kesho, nikajisikia nikimuuliza jina kwa sauti ya upole.

Kila kazi inapofungwa, Baraza huuliza swali moja kabla ya kuihuisha leseni. Nilikuwa nalijibu siku zote huku navua aproni, nikiwaza mboga ya jioni. Niliweka kiganja kwenye bamba, bado kina damu ya Gaspari.

"Atuganile Kasyupa. Leo kuna mtu uliyempiga mwanga si kwa faida yake?"

Ndimbo alikuwa kando yangu, anafunga mkanda wa betri.

"Yupo," nilisema.

"Jina lake."

"Gaspari Luvanda. Nilijua analo. Nilimlaza ili auawe."

Kiganja kiliniuma kama nimeshika kaa la moto. Taa ya Jicho ikazimika, na ngurumo ya betri ikafifia mpaka kukawa kimya nikasikia inzi.

"Leseni imekufa," likasema Baraza. "Mashine imefungwa."

"Iwashe," alisema Ndimbo.

"Haiwaki tena, Kamanda. Hata ukileta mwenye leseni mwingine, mpaka wakubwa waje waifungue."

Alinikamata mkono, akaulaza juu ya meza, kiganja juu, akapokea bunduki ya mlinzi na kuushusha ule mti wa kitako chake juu ya vidole vyangu. Akaupandisha tena, akaushusha tena. Nilisikia vifupa vikivunjika kama kuni kavu, na nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Aliposhiba akainama sikioni kwangu.

"Sikuui," alisema. "Kesho machimbo ya chini nitapasua mstari mzima. Na kila mmoja, kabla sijaingiza kisu, nitamwambia palikuwa na mtu wa kumwokoa akakataa. Nitamtajia jina lako."

Malori yakaondoka. Jicho waliliacha pale limepinduka, pamoja na maiti tano na mimi.

Sijui nililala chini muda gani. Kivuli kilinifunika, nikamwona Lusajo amepiga magoti, amebeba vipande viwili vya ubao na shati alilolichana. Midomo yake ilikuwa bado ya majivu. Aliutazama mkono wangu jinsi nilivyomfundisha kutazama, kiungo baada ya kiungo, bila kugusa. Nilimngojea aushike. Nilitaka aushike haraka, aumize, yaishe.

Hakuushika.

"Jina lako nani, mama?" aliuliza.

"Unanijua, mpumbavu wewe."

"Nakujua." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye ubao. "Jina lako kamili. Siwezi kukugusa kabla hujaniambia."

Nilifungua mdomo, lakini jina halikutoka. Kule bondeni lilikuwa tayari linashuka na malori, kesho lingetajwa juu ya matumbo ya watu. Lusajo alingoja. Alikuwa amefaulu, na mimi sikuwa tena na leseni ya kumpa.

"Atuganile," nilisema mwishowe. "Atuganile Kasyupa."

"Atuganile Kasyupa," alirudia, taratibu. "Sasa shika pumzi."